Mrehani wa kizungu, mrehani wa pwani au kivumbasi: wa kupanda uani ni upi?

Mwanzoni mwa mwezi wa nane jirani yangu aligonga hodi jioni, pakiti ya mbegu mkononi. Kaletewa na mwanawe aliyetoka safari. Imeandikwa Genovese, na picha yake ina majani mapana yanayong'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi.

"Shoga, hii si rehani? Mbona ya kwetu Pangani haikuwa na majani kama mchicha?"

Nikamwambia aingie akae, maana jibu lake si la kupeana mlangoni. Ni rehani, ndiyo. Lakini akiipanda na kuitunza kama bibi yake alivyoutunza mrehani wa Pangani, miezi mitatu haitapita atakuwa na kijiti kikavu chenye mashada ya mbegu, na atawaambia watu kwamba mbegu za madukani ni wizi mtupu.

Ninayo mimea yote mitatu katika ua mmoja hapa Dar es Salaam: mrehani wa kizungu (ndio huo wa Genovese), mrehani wa pwani na kivumbasi. Yafuatayo ni niliyomweleza siku ile, pamoja na niliyoyakumbuka alipokwisha kuondoka.

Anza na ua

Kwa wataalamu wa mimea, mrehani wa kizungu na wa pwani ni kitu kimoja, Ocimum basilicum, kama embe dodo na embe bolibo zilivyo embe. Kivumbasi ni binamu yao. Jina hilo limebeba mimea zaidi ya mmoja: kile kirefu kinachoweza kulingana na mtu kimo ni Ocimum gratissimum, na kuna vifupi vya porini vyenye majani madogo ambavyo navyo watu huviita hivyo hivyo. Wote ni ukoo mmoja na nanaa. Shika shina la yeyote kati yao, lizungushe kwa vidole, utahisi pembe nne.

Sasa tofauti yenyewe. Wa kizungu unapandwa kwa ajili ya jani. Wa pwani unapandwa kwa ajili ya shada, yaani kile kilele chenye maua na vijani vidogo vidogo. Kivumbasi kinapandwa kwa ajili ya tawi zima: la kufukizia, la kuchemshia, la kuning'iniza. Ukilishika hilo, mengine yanajipanga yenyewe. Mrehani wa kizungu ukishachanua, majani mapya yanakuja madogo, uchungu unaingia kwenye ladha, na shina linageuka kuni. Kwa hiyo mwenye mrehani wa kizungu kazi yake ni kuyawinda maua na kuyakata kabla hayajafunguka. Mwenye mrehani wa pwani kazi yake ni kuyasubiri. Ukiwa na tabia moja kwa yote miwili, mmoja utakuangusha tu.

Bibi yangu alikuwa na mrehani mmoja pembeni ya mlango wa uani, pale palipomwagwa maji ya kuoshea mchele. Alasiri alikuwa akikaa mkekani na sinia mbele yake: asumini ambazo bado hazijafunguka, vipande vya mkadi, na mashada ya rehani. Anachukua shada moja la urefu wa kidole, analiwekea mkadi mgongoni, anazipanga asumini mbele, anazungusha uzi mara tatu na kuukata kwa meno. Hicho ndicho kikuba. Kikichomekwa kwenye nywele au kikabanwa kifuani ndani ya kanga, joto la mwili linamaliza kazi: asumini inafunguka usiku na rehani inatoa ukali wake polepole. Niliwahi kujaribu kutengeneza kikuba kwa Genovese, kwa vile ndiyo iliyokuwepo. Majani yalilegea kabla ya isha, na nikaenda harusini nikinukia mchuzi wa tambi.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, rayhan, na msomaji wa Kurani analikuta kwenye Surat Ar-Rahman aya ya 12 na Al-Waqia aya ya 89. Rehani ya kuweka shamba benki ni neno jingine kabisa, limetokana na rahn. Yamekutana tu kwenye ulimi wetu.

Harufu na sufuria

Ponda jani la kila mmoja kiganjani. Wa kizungu una utamu laini. Mafuta yanayotawala humo ni linaloli, na nyuma yake kuna eujenoli, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayoipa karafuu harufu yake. Kivumbasi kirefu mara nyingi kimejaa hiyo eujenoli. Mpe mtoto wa Pemba anuse akiwa amefumba macho, atakutajia karafuu. Mrehani wa pwani nilio nao mimi una ukali kama wa bizari tamu, na ukiutia kwenye chakula unaimeza sahani nzima.

Kwa jiko la kila siku, basi, wa kizungu hauna mshindani. Unatiwa mwishoni, sufuria ikiwa imeshateremshwa: mchuzi wa nyanya, mayai, tambi, samaki wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu. Ukiuchemsha dakika kumi umepoteza harufu na kilichobaki ni majani meusi yanayoelea. Watu wa Genoa huko Italia, ambao rehani yao inalindwa na sheria za Ulaya tangu 2005 kwa jina la Basilico Genovese, wanaitwanga mbichi pamoja na kitunguu saumu, chumvi, mbegu za msonobari, jibini na mafuta ya zeituni. Wanakiita pesto, neno linalotokana na kutwanga kwenyewe. Kinu tunacho, na korosho tunazo. Zitie korosho mahali pa mbegu za msonobari na hutajuta. Usitwange kwa kishindo kama unakoboa mahindi. Jani lisagwe kwa kuzungushwa na mchi ukutani mwa kinu, chumvi ikisaidia. Blenda inamaliza kazi hiyo upesi, lakini visu vinapata moto na rangi inaharibika.

Kivumbasi kwenye chakula ni kidogo sana. Majani mawili matatu kwenye chai ya tangawizi yanatosha. Ukizidisha unakunywa dawa. Kazi yake kubwa ni moshi. Watu wa kwetu wamekifukiza kwa ajili ya mbu tangu zamani, na watafiti waliopima jambo hili magharibi mwa Kenya walikuta kweli mimea ya ukoo huu inawafukuza, zaidi inapopashwa moto kuliko inapokaa kwenye chungu. Kwa hiyo kivumbasi kilichopandwa dirishani hakikuondolei haja ya chandarua. Binamu mwingine, Ocimum kilimandscharicum, ambaye jina lake limetoka kwenye mlima wetu, ana harufu ya kafuri. Wakulima wanaouzunguka msitu wa Kakamega wanaulima na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Sijaupanda, ila nikipata kijiti chake nitapanda hata kama uani hamna nafasi.

Baridi, chumvi na masika

Hapa ndipo wengi wanapochagua vibaya, kwa sababu wanachagua kwa picha ya pakiti na kusahau wanakoishi.

Mrehani wa kizungu ni mtoto wa joto. Unapenda nyuzi 20 hadi 30, na zikishuka chini ya 10 majani yanapata madoa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Aliyeko Njombe, Limuru au juu Lushoto asiuoteshe nje mwezi wa sita na wa saba. Autie ndani penye dirisha la jua, au asubiri hadi mwezi wa tisa. Kivumbasi kirefu kinavumilia zaidi huko juu, na ndiyo sababu unakiona kimejiotea pembezoni mwa mashamba bila mtu wa kukitazama. Ndugu zetu walioko Muscat mambo yao yamepinduka: msimu wao ni kuanzia mwezi wa kumi hadi wa nne, kwa kuwa kiangazi cha huko kinapita nyuzi 40 na jani la kizungu linababuka.

Pwani shida yetu ni maji. Mwaka mmoja bomba lilikatika wiki tatu na nikawa namwagilia maji ya kisima, yale ya chumvi tunayoogea. Mrehani wa kizungu ulianza kukauka kingo za majani, kahawia, kama karatasi iliyopitishwa motoni. Nikadhani una kiu, nikazidisha maji. Nilikuwa naumalizia kabisa. Mrehani wa pwani uliokuwa hatua mbili kutoka hapo ulidumaa kidogo tu, na kivumbasi hakikuonesha dalili ya kujua kwamba kuna tatizo. Kama maji yako ni ya kisima na ukiyaonja yana chumvi, basi kinga maji ya mvua kwa ajili ya ule wa kizungu, au uachane nao.

Kisha masika. Mvua za mwezi wa tatu hadi wa tano huleta ugonjwa unaoitwa ubwiri vinyoya. Jani linaanza kupauka na kuwa njano katika vipande vilivyokatwa na mishipa, unadhani ni njaa ya mbolea. Ligeuze. Ukikuta chini kuna unga wa kijivu wenye weusi wa zambarau, kama vumbi la mkaa lililokaa kwenye manyoya, siyo njaa. Ugonjwa huu una asili ya kutusikitisha kidogo: taarifa yake ya kwanza duniani iliandikwa Uganda miaka ya 1930, ukasahaulika, kisha ukaibuka Uswisi mwaka 2001 na kufika Marekani mwaka 2007, ukawatia hasara wakulima kila ulipopita. Chuo Kikuu cha Rutgers, kule New Jersey, kilitoa aina za rehani zinazouhimili mwaka 2018, na pakiti zake zina herufi DMR baada ya jina. Kama unanunua mbegu na unaishi penye unyevu mwingi, tafuta herufi hizo kabla ya kutafuta picha nzuri. Kwa wasiozipata: achanisha mimea ipitishe upepo, mwagilia asubuhi tena chini kwenye udongo, na mvua ikianza sogeza ndoo upenuni. Mmea uliokwisha kushikwa ng'oa, funga mfukoni, tupa. Kivumbasi changu hakijawahi kuguswa.

Kuna na mnyauko fuzari, ambao unamaliza mmea mmoja ndani ya siku chache huku jirani yake akiwa mzima, na shina likiwa na michirizi ya kahawia. Huo unakaa udongoni. Usirudishie mrehani mwingine kwenye ndoo ile ile bila kubadilisha udongo wote.

Mbegu au kijiti?

Gramu moja ya mbegu za mrehani ina mbegu kama 600 hivi, kwa hiyo pakiti moja ni msitu. Ni zile zile mbegu nyeusi zinazovimba na kuvaa utando kama kamasi zikiingia maji. Wanywaji wa faluda wanazijua kwa jina la tukmaria. Ute huo ndio unaozisaidia kushika unyevu zikiwa udongoni. Zitawanye juu ya udongo tifutifu uliolowa, zifunike kwa udongo wa unene wa nusu sentimita tu, na kwa joto la pwani zitachomoza ndani ya siku tano hadi kumi. Maadui ni wawili. Sisimizi hubeba mbegu zote usiku mmoja, kwa hiyo weka trei ya kitalu juu ya matofali yaliyo ndani ya beseni la maji. Na kinyausi, ule ugonjwa wa miche kuanguka ikiwa imekatika shingo kwenye usawa wa udongo, huja kwa maji mengi na msongamano. Ikishakuwa na majani manne ya kweli, ipunguze bila huruma. Unayoing'oa itie kwenye kachumbari.

Kijiti ni haraka zaidi, na huwa napenda kumwonesha mtu ambaye hajawahi kuotesha chochote. Nunua kifungu cha rehani sokoni au omba kwa mwenye nao. Chagua tawi lisilo na maua, la urefu wa kiganja. Likate chini kidogo ya mahali majani yanapotokea, vua majani ya chini, acha manne ya juu, lisimamishe kwenye glasi ya maji penye mwanga usio wa jua kali. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Siku ya nne ya tano unaona vidoti vyeupe shinani kama vipele. Kufikia siku ya kumi vimekuwa mizizi, na mizizi ikifika urefu wa kifundo cha kidole hamishia kwenye udongo. Usiiache hadi ijae glasi. Mizizi iliyozoea maji kupita kiasi inapata taabu udongoni.

Hesabu ya muda: kwa mbegu unavuna majani ya maana baada ya wiki sita hadi nane, kwa kijiti wiki nne zinatosha. Lakini kijiti kina sababu nyingine ya kupendwa, na niliijua kwa kukosea. Msimu mmoja niliacha mrehani mmoja wa kizungu uzae, nikakusanya mbegu, nikajiona mjanja. Nilizipanda zikaota zote. Majani yalikuwa ya kila namna: mengine mapana yenye harufu ya bizari tamu, mengine membamba yasiyonukia kitu, shina moja la zambarau. Nyuki walikuwa wamepita kwenye mrehani wa pwani kwanza, na kwa kuwa hii miwili ni mmea mmoja, inachanganya damu bila kuuliza. Ukiwa nayo yote miwili, ya kizungu nunua mbegu upya au endeleza kwa vijiti. Ule wa pwani haujali. Bibi zetu hawakununua mbegu.

Walioko Ulaya na Marekani wana njia ya tatu. Kile chungu kidogo cha rehani kinachouzwa supamaketi hakina mmea mmoja. Ni miche mingi iliyobanana, ndiyo maana inakufa ndani ya wiki mbili na mnunuzi anajilaumu. Kiloweshe, kitoe, kigawe mafungu manne, kila fungu chungu chake.

Kivumbasi sina la kusema sana. Kata kijiti, chomeka ardhini mvua zikianza, nenda zako.

Ndoo au ardhini

Wa kizungu ndoo. Wa pwani na kivumbasi ardhini, kama unayo ardhi. Sababu ni kwamba wa kizungu unahitaji kuhamishwa: upenuni wakati wa mvua, kivulini saa sita mchana mwezi wa kwanza, juani asubuhi. Saa sita za jua kwa siku zinatosha. Ndoo ya rangi ya lita 10 inabeba mimea miwili, isizidi. Itoboe matundu ya msumari chini, tia kokoto, kisha udongo uliochanganywa na mboji au samadi iliyokwisha kuoza na kupoa. Vyungu vya udongo vinapendeza barazani lakini kwa joto letu vinakauka kabla ya adhuhuri. Mbolea za chumvichumvi tumia kidogo tu; zikizidi, jani linakuwa kubwa na la kijani kama la tangazo, halafu halinukii.

Kivumbasi kirefu kwenye ndoo kinadumaa na kukasirika. Kipe kona yake karibu na ukuta, mita moja kila upande.

Mkasi

Kama ningepewa nafasi ya kumwambia mtu jambo moja tu kuhusu mrehani wa kizungu, lingekuwa hili la kuvuna, kwa sababu ndipo unapouawa. Mpishi anataka majani sita, anainama, ananyonyoa sita makubwa ya chini. Kesho anarudi kwa mengine sita. Anadhani anauonea huruma kwa kutogusa kilele. Baada ya wiki tatu ana mlingoti wenye kishungi juu, kishungi kinatoa maua, na mambo yamekwisha. Yale majani makubwa ya chini ndiyo yaliyokuwa yakiulisha mmea.

Fanya kinyume. Mmea ukifika kimo cha shibiri na kuwa na jozi nne za majani, tazama kwapa la kila jani, pale linapoungana na shina. Utaona chipukizi dogo limejikunyata kila upande. Hesabu jozi mbili kutoka chini, halafu kata shina lote juu kidogo ya jozi ya pili, nusu sentimita hivi. Unaondoka na kilele chenye majani ya kutosha mchuzi wa leo, na yale machipukizi mawili yaliyokuwa yamelala yanaamka. Wiki mbili tatu baadaye una vilele viwili. Vikate kwa namna hiyo hiyo, vinakuwa vinne, kisha vinane. Mmea unanenepa badala ya kurefuka. Baada ya mkato ule wa kwanza, usichukue zaidi ya theluthi ya mmea kwa mara moja, na vuna asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijaufanya ulegee. Ukiona kichwa cha maua kimeanza, kile chenye umbo la ngazi ya ghorofa, kishukie na jozi moja ya majani chini yake. Ukikata ua peke yake linarudi.

Hata ukifanya yote haya, wa kizungu unachoka. Wangu huwa unafika miezi mitano sita, shina linakuwa gumu na majani yanasinyaa. Ndiyo maana kila baada ya miezi miwili natia kijiti kipya kwenye glasi.

Wa pwani unavunwa mashada. Subiri maua ya chini ya shada yafunguke huku ya juu yakiwa bado yamefumba, kata na majani machache, acha majani ya chini mmea uchipue upya. Kivumbasi kata matawi yote hadi usawa wa goti mara moja au mbili kwa mwaka; kitarudi kwa hasira.

Kuhifadhi ni swali fupi. Rehani mbichi ya kizungu usiitie kwenye friji, inapata weusi. Isimamishe kwenye glasi ya maji mezani kama ua. Ikizidi, isage na mafuta na uigandishe kwenye kile kitrei cha barafu, na ukishaisaga usiiache kabatini. Kuikausha ni kupoteza muda, inabaki na harufu ya nyasi. Kivumbasi ndicho kinachokauka vizuri, kikining'inizwa kivulini vichwa chini.

Nikamshauri jirani hivi. Kama anataka kupikia, na yuko tayari kushika mkasi kila wiki na kupata maji yasiyo na chumvi, pakiti yake ni mali. Kama anataka harufu ya Pangani mlangoni na kikuba cha harusi ya binti yake, pakiti haimsaidii, achukue kijiti kutoka kwangu. Kama ni mtu wa safari, leo yupo kesho hayupo, achukue kivumbasi asitafute presha. Alicheka, akasema yeye ni wa vyote vitatu ila ana ndoo mbili tu. Akapanda Genovese moja na wa pwani mmoja.

Wiki ya saba kaja hodi tena, safari hii kuazima mkasi.